Mafuta ya Makurunge

Walipokuja kulifunga shinikizo la kukamulia mafuta, lilikuwa na mzigo tumboni. Sihaba alikuwa ameshika mtaimbo upande huu, mumewe Mrisho upande wa pili, wanauzunguka ua wakisukuma kwa vifua kama ngamia wa kinu, na parafujo la chuma linalia kwa kila hatua. Mafuta yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuchuruzika debeni, yana joto, maangavu, yananukia nazi mpaka barabarani. Mtaa mzima wa Dunda ulijua kwa pua siku ambayo Sihaba anakamua.

"Hodi hapa!"

"Karibu, lakini usitusimamishe," Sihaba akajibu bila kugeuka. "Mzigo huu ukipoa haukamuliki tena."

Aliyepiga hodi alikuwa Bwanaheri, bwana mazao, kijana wa hapo hapo Dunda aliyesomeshwa akarudi na kalamu mfukoni. Nyuma yake walisimama watu wawili, mmoja amebeba mnyororo begani kama aliyetumwa kumfunga ng'ombe mkali.

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kikazi."

Sihaba akasita. Mtu aliyekula wali kwako tangu hajaota meno ya pili, akiingia uani mwako akasema amekuja kikazi, ujue hakuja na heri.

Bwanaheri akasimama wima, akasema kama anayesoma, ingawa mkononi hakuwa na karatasi. Kiwanda cha mafuta cha Makurunge kimekwisha kujengwa. Kuanzia leo nazi zote na mbata zote za pwani hii zitapelekwa kiwandani. Mashinikizo ya watu binafsi yanafungwa.

"Kiwanda kimeshaanza kukamua?" Sihaba aliuliza.

"Kitaanza."

"Basi kikianza, uje ufunge."

"Amri haisemi kikianza, Bi Sihaba. Inasema leo."

"Haya, tuache tumalize huu uliomo ndani. Si unauona unavyochuruzika? Kaa kitako, unywe maji, tumalize."

Bwanaheri aliyatazama mafuta, akawatazama wenzake, kisha akavitazama viatu vyake. "Siwezi," akasema.

Mrisho ndiye aliyeuachia mtaimbo kwanza. Sihaba aliuhisi ule uzito wote ukimrudia kifuani peke yake, akamtazama mumewe, na Mrisho akatazama pembeni. Wale watu wawili wakaupitisha mnyororo kwenye parafujo, wakauzungusha miguuni mwa shinikizo, wakatia kufuli kubwa la shaba. Mafuta yakadondoka tone, tone, yakakatika.

"Msione vibaya," Bwanaheri alisema akiwa mlangoni. "Haya ni maendeleo. Nchi haijengwi kwa mtaimbo."

"Inajengwa kwa kufuli?" Sihaba akamuuliza.

Mrisho akamshika mkewe bega. "Serikali haigombwi, Sihaba," alimnong'oneza. Sihaba akaliondoa lile bega.

* * *

Usione shinikizo ni chuma tu. Mtaa ule ulikuwa unalizunguka kama watu wa harusi wanavyolizunguka sinia. Kibwana, mkwezi wa Kaole, alikwea minazi kwa sababu ya shinikizo. Vijana wafuaji walifua nazi kwa sababu yake, na makumbi wakawauzia wasokota kamba. Mashudu yaliyobaki yalinunuliwa na wenye kuku. Na wanawake wa mafuta, akina mama wa samaki na wa mihogo na wa vitumbua, walikuwa kila asubuhi wanapanga chupa zao kibarazani kwa Sihaba, wakisemana na kuchekana hadi jua likapanda. Hapakuwa na tajiri hata mmoja kati yao. Lakini hapakuwa na aliyelala na njaa pia, na watoto wao walivaa viatu vya Idi.

Sasa kibaraza kikawa kitupu. Kibwana alipita siku moja na kamba yake ya kukwelea begani, akasimama mlangoni akasalimu. "Nikwee kwa ajili ya nani, dada?" akauliza. Baada ya hapo Sihaba alisikia kwamba amekwenda Dar es Salaam kubeba magunia bandarini.

Mwajabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na chupa yake tupu akaiweka mkekani katikati yao, kama mtu anayemlaza maiti.

"Duka la ushirika nimekwenda tangu alfajiri," alisema. "Wana viberiti na majembe yasiyo na mipini. Nikauliza mafuta, yule kijana akanambia nisubiri ya Makurunge. Nimesubiri, Sihaba. Vitumbua nimevichoma kwenye chuma kikavu, vimenasa, vimetoka kama magamba. Mteja wangu mmoja amenitupia mbele ya watu, anasema nimemuuzia mkaa. Watu husema fulani katiwa mchanga kitumbua chake. Mimi changu kimetiwa mchanga kwelikweli."

Akacheka, na katikati ya kicheko akalia.

Sihaba akainuka akaenda uani. Ule mzigo uliofungiwa ndani ya shinikizo ulikuwa umeanza kuoza. Ulitoa harufu ya chachu, na nzi walikuwa wamejaa kwenye kufuli. Akalipiga kufuli teke. Chuma hakikusikia kitu. Kidole chake ndicho kilichovunjika ukucha.

* * *

Walikuwa bado na mbata kwenye dari, nyama ya nazi iliyokaushwa vizuri, nyeupe, inayovunjika kwa kelele. Mrisho akasema amri ni amri, iende Makurunge, huko italipwa. Wakaipakia kwenye mkokoteni, mume akavuta, mke akasukuma. Barabara ya Makurunge ilikuwa mchanga mahali pengine na mahandaki mahali pengine, na pale maji yalipokata njia hapakuwa na daraja. Walishusha magunia, wakayavusha kichwani, wakarudi kuubeba mkokoteni, wakapakia upya. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama hapo hapo, limezama hadi ekseli, majani yameota kwenye tairi zake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kizuri, Sihaba hakukataa. Mabati yalimeta mpaka yakaumiza macho, na bomba la moshi lilisimama juu kama mnara wa msikiti. Ila hakukuwa na moshi.

Mtu wa langoni aliwaonyesha kwa kidole. "Mwageni pale."

Pale palikuwa uwanjani, juu ya ardhi tupu, chini ya mbingu. Palikuwa na kilima cha mbata ya watu, wa Kaole, wa Mlingotini, wa mashamba yote ya huko. Nyingine ilikwisha kugeuka rangi.

"Hapa nje?" Sihaba akauliza. "Mnaiona vuli ile inavyokusanya mawingu?"

Meneja alitoka ofisini akiwa amevaa suti ya Chuenlai ya kijivu iliyopigwa pasi ikakata. Jina lake Dadi. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu asiyekusikiliza. Akamsalimu Mrisho kwa mkono. Akampita Sihaba kama anayepita nguzo.

"Tatizo ni kipuri kimoja tu, ndugu," alimwambia Mrisho. "Mashine hii tumepewa na marafiki wa ng'ambo, lakini kipuri chake lazima kinunuliwe kwao, kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni nchi haina kwa sasa. Mafuta ya magari yamepanda, unajua. Tunangoja."

"Na malipo ya mbata?" Sihaba aliuliza.

Meneja akaendelea kumtazama Mrisho. "Mwambie mama kwamba kiwanda hulipa kikishakamua."

"Mimi niko hapa. Niambie mwenyewe."

"Ndugu," Dadi akasema, bado kwa Mrisho, "naona wewe ni mtu mtulivu. Tunahitaji mlinzi. Kuna koti, kuna rungu, kuna mshahara wa serikali kila mwezi. Wengi wanaitaka nafasi hii."

Mrisho hakumuuliza mkewe. Alisema "Nashukuru, mzee" kwa kijana ambaye angeweza kumzaa, akainamisha kichwa. Kisha meneja akaelekeza vipande vya mbata vilivyomwagika njiani, akaomba viokotwe, uwanja uwe safi. Mrisho na Sihaba wakainama wakaokota, kipande kwa kipande, mbata yao wenyewe, na yule mtu wa langoni anawasimamia.

Sihaba alirudi Dunda peke yake na mkokoteni mtupu. Ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokwenda, lakini njia nzima aliusukuma kwa kifua, kana kwamba bado una mzigo.

* * *

Mvua ikanyesha kama alivyosema, na mtu hahitaji kuwa nabii kujua kwamba vuli hunyesha. Sihaba alipompelekea mumewe chakula alimkuta amesimama kando ya kile kilima, koti la kaki limemzidi mikono, rungu mkononi. Mbata ilikuwa nyeusi. Ilitoa mvuke kama jungu, na chini yake ulichirizika ute wa rangi ya chai. Panya walipita mchana bila haraka, wamenenepa.

"Unalinda nini?" Sihaba alimuuliza.

"Mali ya umma."

"Unailinda na nani?"

"Na wezi."

"Nitajie mwizi mmoja atakayeiba hii."

Mrisho alikaa juu ya tofali, akafungua bakuli. Ulikuwa muhogo wa kuchemsha, bila nazi, bila chochote. Akala kidogo, akaacha. "Humo ndani," alisema kwa sauti ya chini, akiliashiria jengo kwa kidevu, "nimeingia. Mashine imefunikwa turubai. Nusu yake iko bado kwenye masanduku, misumari haijatolewa. Popo wamefanya makao."

"Na ukakaa kimya."

"Nimseme nani, kwa nani? Sihaba, mimi nina koti la watu. Hasira hazijengi nyumba."

"Na woga unajenga?" Akachukua bakuli. "Mshahara wenyewe uko wapi?"

"Wanasema mwezi ujao."

"Mwezi ujao! Walisema mwezi ujao kwa mbata, na mwezi ujao kwa kipuri. Nchi nzima inaishi mwezi ujao, na sisi matumbo yetu yanataka leo." Sauti yake ilikuwa imepanda. Mrisho akatazama dirisha la ofisi, akaweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha, na kidole kile kilimuuma Sihaba kuliko njaa.

* * *

Land Rover ya kiwanda ilisimama mbele ya nyumba ya Sihaba wakati wa laasiri. Akashuka Dadi, akashuka Bwanaheri. Safari hii meneja alimwona. Akavua kofia, akauliza hali, akauliza watoto ambao Sihaba hakujaliwa kuwapata, akakubali kikombe cha chai ya rangi akakaa kwenye mkeka na Chuenlai yake.

"Mama, tumekuja kwako kama watoto wako," alianza. "Kiwanda kinafunguliwa rasmi. Mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam, mtu mkubwa, na watu wa redio na magazeti. Tunahitaji mafuta."

Sihaba akamtazama bila kupepesa. "Nyinyi mna kiwanda."

"Kipuri hakijafika."

"Mna mbata kilima kizima."

Dadi akaipuliza chai. "Ile imepata hitilafu kidogo. Tutakuletea nazi mpya, za kutosha. Ndugu Bwanaheri atakufungulia kufuli. Utukamulie madebe machache tu, safi kama unavyojua wewe."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa umelitumikia taifa."

"Nauliza kufuli. Halafu kufuli je?"

Bwanaheri ndiye aliyejibu, macho mkekani. "Litarudi. Amri bado ipo, Bi Sihaba."

Mwajabu, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia, alisikika akisema "Lahaula!" kwa sauti. Sihaba alihisi mkono wake ukienda kwenye birika la moto, akaurudisha. Waliolinyonga shinikizo lake walikuwa wamekuja kumwomba alifufue kwa siku moja, liwapambie karamu, kisha wamzikie tena. Na walikuwa wanakunywa chai yake.

"Nikikataa?"

Meneja aliweka kikombe chini polepole. "Mumeo ni mfanyakazi wetu," alisema kwa upole ule ule. "Hatungependa aaibike. Mlinzi akipotelewa na mali ya umma, hata kwa mvua, mama, sheria ni kali."

Nje mtoto alikuwa anaigonga Land Rover kwa kijiti, dereva anamfokea.

"Debe moja libaki hapa," Sihaba akasema mwishowe. "Mashudu yote yangu, na debe moja la mafuta ligawiwe wanawake wa mtaa huu. Sina sharti jingine."

"Moja tu? Hiyo ni haki yenu kabisa," akasema Dadi, akampa mkono.

Siku ya kukamua, kufuli lilipotoka, watu hawakuitana. Mtaa ulijileta wenyewe. Wengine waliuzoa ule mzigo uliooza, wengine walifua, wengine walivunja, wengine wakatwanga, karai likachemka, na Mwajabu akashika mtaimbo upande wa Mrisho, kanga amejifunga kibwebwe. Harufu ilipovuka ukuta, vikongwe walitoka vibarazani wakasimama tu, wanavuta pumzi. Watu waliimba. Sihaba naye aliimba, ijapokuwa alijua kufuli litarudi, na kwa muda mchache uliokuwepo alisahau.

Madebe yalipojaa, Bwanaheri aliyapakia garini. Akapakia na lile la mtaa.

"Hilo ni letu," Sihaba alisema. "Tulikubaliana."

"Meneja amesema yasipungue, wageni wameongezeka. Mtapewa baadaye."

"Bwanaheri! Mtazame Mwajabu machoni umwambie hivyo."

Bwanaheri hakumtazama Mwajabu machoni. Aliupitisha mnyororo mahali pake, akabana kufuli, akalivuta kuhakikisha.

* * *

Siku ya ufunguzi walitumiwa lori la kuwachukua, kwa kuwa wanawake wa Dunda walitakiwa waimbe. Uwanja wa kiwanda ulikuwa umefagiwa ukapigwa chokaa. Kile kilima cha mbata hakikuwepo. Palipokuwa pameoza palimwagwa mchanga mweupe wa pwani, na juu ya mchanga wakapanga viti vya wageni. Nyuma ya jengo jenereta lilikuwa linanguruma, mabati yanatetemeka, na mtu asiyejua angesema mashine zinachapa kazi. Mbele ya milango mikubwa ya chuma, iliyofungwa, alisimama Mrisho na koti lake, amenyolewa ndevu.

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, ziliwekwa chupa. Kila chupa ilibandikwa karatasi ya kijani iliyoandikwa MAFUTA YA MAKURUNGE. Jua lilipita ndani yake likatoka dhahabu.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alizungumza juu ya wakoloni, akazungumza juu ya ukame, bei za dunia, na wavivu. Kisha akanyanyua chupa moja, akaielekeza juani.

"Ndugu wananchi! Walisema hatuwezi. Yatazameni haya. Haya hayakukamuliwa kwa mtaimbo wa bibi zetu. Haya ni matunda ya mashine, ni matunda ya utaalamu! Nchi inakua!"

Wakapiga makofi. Mwalimu wa nyimbo akawainulia wanawake mkono waanze. Kina mama wakavuta pumzi, na katika ile pumzi, kabla ya sauti, Sihaba akasimama.

"Mafuta hayo nimekamua mimi."

Hakupiga kelele. Lakini palikuwa na kimya, na sauti yake ikafika.

"Nimekamua mimi, uani kwangu, Dunda, kwa mtaimbo. Mimi nilisukuma, jirani yangu alisukuma. Mlilifungua kufuli mkakamulisha, mkalifunga tena. Na debe letu mmetunyang'anya. Hiyo mashine haijakamua hata tone."

Mtu mmoja wa redio aliinua kinasa sauti chake, mwingine akaukandamiza mkono wake ukashuka. Wanawake wawili walikuwa wanamvuta Sihaba kanga. "Kaa, mwenzetu, kaa, utatuponza!" Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, kicheko kile cha watu wanaoogopa, na kicheko kikaenea mpaka viti vya mbele. Dadi aliinuka akitabasamu.

"Ndugu mgeni rasmi, tusamehe. Mama huyu hana afya nzuri ya akili, tunamfahamu. Mumewe ni mfanyakazi wetu mwaminifu, yupo pale." Akageuka. "Mrisho! Hebu waeleze wageni, mkeo ana nini?"

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Sihaba alimtazama mumewe ndani ya lile koti kubwa, akajua la kusemwa lilikuwa limekwisha kutungwa. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, na jioni wangerudi nyumbani, yeye na mke wake kichaa. Akafumba macho asimwone akiitikia.

Alichosikia ni chuma kuburuta juu ya saruji.

Mrisho alikuwa amechomoa komeo. Akauegemea mlango mmoja kwa kifua, kama mtu anayesukuma mtaimbo, ukafunguka. Akauendea wa pili.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ilitoka kama mnyama, ikavipiga viti vya mbele, na watu wakainuka wakikohoa. Kile kilima chote cha mbata walikuwa wamekikokota kwa makoleo wakakifungia humo ndani, kimefika kiunoni mwa ukuta, cheusi, kinatambaa funza, na maji yake yakapata mlango yakaanza kushuka ngazini kuelekea kwenye mchanga mweupe. Juu ya uozo lilichomoza turubai, na masanduku ambayo misumari yake haikutolewa. Popo wakatoka wingu zima, wakapotea juani.

"Makoleo hayo nilishika mimi," Mrisho alisema. "Mke wangu ana akili timamu. Mwenye wazimu ni mimi, nililinda hii."

Hakuna aliyecheka. Sihaba, aliyekuwa karibu na meza, alimtazama mgeni rasmi. Alitaka kuuona uso wa mtu mkubwa akigundua kwamba amedanganywa. Alimwona akitoa leso, akaiweka puani, akainama kwa Dadi. Na alisikia, kwa masikio yake, maneno aliyosema.

"Si nilikwambia mlango huo utiwe kufuli?"

Basi alijua. Tangu Dar es Salaam alikuwa anajua. Jenereta likaendelea kunguruma, mgeni rasmi akarudi kwenye kipaza sauti, akasema kwamba katika ujenzi wa taifa hapakosi matatizo ya hapa na pale, na akakata utepe.

* * *

Mrisho alikamatwa kabla lori halijawarudisha watu. Alikaa ndani siku kadhaa, hakushtakiwa kwa lolote, akatoka amekonda, bila koti. Mshahara hakuuona. Dadi alihamishwa, na Dunda wakashangilia kidogo mpaka waliposikia amehamishiwa kiwanda kikubwa zaidi, cha nyuzi, na amepewa nyumba yenye umeme. Redioni walisikia kwamba Makurunge kumefunguliwa kiwanda. Sauti za wananchi wakipiga makofi zilisikika vizuri sana.

Kisha likaja lori kwa ajili ya shinikizo. Walivunja sakafu kwa nyundo, wakaling'oa na misingi yake, wakalitupa nyuma kama gogo. Kwa usalama wake, walisema, litatunzwa kiwandani. Mashudu ya ule mkamuo wa mwisho yalikuwa bado yamo ndani, yameoza. Sihaba alisimama kibarazani, mikono kichwani, hakulia. Wakati lori linaondoka alipayuka matusi ambayo mwanamke wa ukoo wake hakuwahi kuyatamka hadharani, na vikongwe wa vibaraza vya jirani, badala ya kumkataza, wakaitikia "Ehee!"

"Sasa tumebaki na nini?" Mrisho akauliza, amesimama juu ya lile shimo uani.

Sihaba aliingia jikoni akatoka na mbuzi ya kukunia nazi, ile ile ya kila nyumba ya pwani, ubao na ulimi wa chuma wenye meno. Akaitupa chini.

"Na hiki," alisema. "Alichoniachia bibi, naye aliachiwa na bibi yake. Ndiko walikotufikisha. Tulikuwa tumeshapanda ngazi moja, Mrisho, moja tu, wakaivunja, na sasa watatuita wazembe kwa kuwa tuko chini."

Hakuna afanyaye hivyo kwa kupenda. Kukuna, kuchuja, kuchemsha tui kwa kuni mpaka maji yaishe na uto uelee juu, ni kazi ya kutwa nzima kwa kilichokuwa kazi ya asubuhi, na mwisho wake unapata chupa, si debe. Viganja vilichubuka, migongo ikauma. Lakini wanawake walikuja, kila mmoja na mbuzi yake na nazi zake, wakakaa uani kuzunguka shimo la shinikizo. Hapakuwa na kuuziana. Kila aliyekuna aliondoka na fungu lake. Mwajabu akaanza tena vitumbua, vichache, vya asubuhi tu.

Siku moja aliingia Bi Adija, mke wa Bwanaheri. Alibisha hodi kwa sauti ndogo, akasalimu wote, akasalimu tena kwa kuwa mara ya kwanza waliitikia wachache. Chupa aliitoa chini ya buibui, imefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, Bi Sihaba. Nimekuja ninunue, chupa hii moja tu. Dukani hakuna, na hata huko Makurunge kwenyewe hakuna. Watoto wanakula michemsho tangu mwezi ulipoanza. Utakachosema nitalipa."

"Marahaba, mwanangu," Sihaba alisema, mkono haukusimama, nazi inazunguka kwenye meno. "Hapa hatuuzi."

"Bi Sihaba, tafadhali..."

"Si roho mbaya. Kuuza mumeo amekataza, na sisi ni raia wema. Hapa tunakuna tu."

Bi Adija akawatazama wale wanawake, mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua uso. Uani hapakusikika kitu ila meno ya chuma yakila nazi, krr, krr, krr. Alisimama hapo muda, chupa kifuani, mikono yake laini, yenye hina mpya. Kisha, polepole, akaanza kulivua buibui.

Sihaba aliisukumia mbuzi iliyokuwa tupu kwa mguu mpaka ikamfikia.

"Mrisho," aliita kuelekea ndani, "mletee mke wa Bwanaheri nazi. Mchagulie ngumu."